Ampea Kumi na Tano

Mgeni njoo, mwenyeji afukuzwe kazi.

Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile kwenye ghorofa ya saba, mtaa wa Mazraa, Beirut, pale tulipomwacha Ghinwa wiki iliyopita amekodolea macho skrini, kicheko kimemgandia mdomoni.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, sikiliza haraka haraka.

Ghinwa anajibu barua za wateja wa kampuni moja ya magodoro ya Uholanzi. Anazijibu akiwa sebuleni kwao, koti la heshima juu, suruali ya kulalia chini. Leo miezi mitatu ya majaribio inakwisha. Akipata kazi ya kudumu, anabaki Beirut na mama yake, Bi Wadad, mwenye goti bovu. Akiikosa, kaka yake Shadi aliyeko Abidjan keshamkatia tiketi ya Jumapili, na Bi Wadad atabaki peke yake na ngazi za ghorofa saba, maana amesema wazi kwamba haendi popote ambako kaburi la mumewe haliko.

Sasa, mtaani pale, mwanamke aliyeko nyumbani asubuhi yuko nyumbani, basi. Kazi ni kitu ambacho mtu hukifuata kwa viatu. Kwa hiyo kila siku saa tatu Mama Tarif wa ghorofa ya nne hupanda kunywa kahawa na kusoma vikombe, mkutano uwepo usiwepo.

Na leo mkutano ulikuwepo. Wafanyakazi arobaini, kila mmoja kwenye kidirisha chake: Sfax, Amman, Manila, Krakow. Meneja wao, Bwana Maarten, alikuwa anawahakikishia kwamba hakuna atakayepunguzwa, kwamba kampuni ni familia moja. Ghinwa aliamini amezima kipaza sauti. Mama Tarif alikuwa amekifudikiza kikombe cha Bi Wadad kwenye kisahani ili ayasome mashapo. Akatupia jicho skrini, akadaka neno familia, na kusema:

"Huyu mwenye shingo ya bata bukini anawapiga changa la macho. Anawaita familia huku anavuta sikio. Mwanamume akivuta sikio, jua ameshauza nyumba na nyinyi mmo ndani."

Ghinwa akacheka. Hilo ndilo kosa.

Kwa maana chombo cha mikutano cha kampuni kilikuwa kimeongezewa ufundi wiki hiyo hiyo. Kinasikia lugha yoyote, kinaitafsiri papo hapo, na kuiandika chini ya picha ya anayesema. Shingo ya bata bukini ilikuwa inapita chini ya uso wa Ghinwa kwa Kiingereza safi, na watu arobaini walikuwa wanaisoma.

Hapo ndipo tulipoishia. Twende.

Bwana Maarten naye alisoma. Mkono wake ulianza safari ya kwenda sikioni, akaukumbuka, akaukatiza njiani. Akajishika shingo badala yake, na hilo likawa baya zaidi.

Ghinwa alikimbilia kitufe cha kuzima sauti. Kidole kikateleza, kikabonyeza cha jirani. Mkono mdogo wa manjano ukachomoza juu ya jina lake.

"Ghinwa," alisema Bwana Maarten taratibu. "Naona umeomba kuzungumza."

Kufunga kompyuta kungekuwa kukimbia, na anayekimbia hupewa hatia kabla hajafika mbali. Lakini kukatikiwa umeme ni kudra, na hakuna meneja aliyewahi kuiandikia kudra barua ya onyo. Ghinwa alijua hivyo vizuri sana.

Nyumba yao ilinunua umeme kwa Baba Hatim, mwenye jenereta ya mtaa, na walikuwa na ampea tano. Ampea tano ni taa, friji, intaneti na adabu. Ukiongeza hita ya maji, swichi iliyoko chini kwenye sanduku la Baba Hatim inaruka, na nyumba inakufa mpaka mlinzi wa jengo aipandishe. Majirani waliita hilo tatizo. Ghinwa aliliita mlango wa nyuma. Mara nne ndani ya miezi mitatu alikuwa ametoroka mkutano mgumu kwa hita ile, na mara zote nne kampuni ilimtumia salamu za pole.

Bi Wadad hakujua lolote. Yeye aliamini ana binti msafi mwenye bahati mbaya.

"Mama," Ghinwa akasema bila kugeuza shingo, "niwekee maji ya kuoga."

Chini ya uso wake pakaandikwa: Mama, niwekee maji ya kuoga.

Bi Wadad akajikokota hadi koridoni, akabonyeza swichi ya hita. Ghinwa akafumba macho kungoja mlio wa friji ufe.

Friji haikufa.

Akafumbua jicho moja. Watu arobaini walikuwa bado wanamtazama. Taa ilikuwa inawaka, hita inaunguruma kwa raha zake, na Bi Wadad amesimama mlangoni na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Umeona eh?" alisema Bi Wadad. "Haukukatika. Nimempelekea Baba Hatim mitungi minne ya biringanya zangu, zile zilizojazwa karanga za jozi, akatupandisha tangu jana jioni. Kumi na tano, roho yangu. Ampea kumi na tano. Usiaibike tena mbele ya wakubwa zako, unizike."

Yote hayo yakapita chini ya skrini, pamoja na biringanya, pamoja na jozi. Kwa Kiarabu, mama anapomwambia mtoto "unizike" anamaanisha anampenda kiasi kwamba anataka afe yeye kwanza. Chombo kile hakikuwa na habari hizo. Kiliandika tu kwamba mama anaomba kuzikwa. Mtu wa Krakow akaonekana anajiandikia kitu kwenye karatasi.

Mama Tarif alikuwa haelewi umeme, lakini alielewa watu. Alimtazama Ghinwa, akaitazama hita, akamtazama tena Ghinwa. Akaweka kikombe chini. Akainuka bila kuulizwa, akaenda kwenye meza ya pasi, akachomeka.

Pasi ikawaka. Taa hazikutikisika.

Aliuliza hiki kitu kinakula kiasi gani. Bi Wadad, ambaye alikuwa bado anajivuna, akajibu kwamba Baba Hatim ameapa hata ukipikia harusi hauruki. Mama Tarif akasema tutaona. Akaingia chumbani, akatoka na draya ya nywele, akaichomeka kando ya dele la kahawa na kuipandisha hadi mwisho.

Maandishi yalikuwa yanakimbia: Chomeka na hii. Bado. Ongeza moto. Kwa nini unakausha nywele, shoga, na nywele zako ni kavu. Nyamaza, Wadad. Imen wa Sfax, rafiki wa Ghinwa kazini, alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na mabega yanamtikisika.

"Ghinwa," alisema Bwana Maarten, "huko kwenu ni salama?"

Ghinwa akafungua mdomo kujibu. Hakujua angejibu nini, na hadi leo hajui, maana ndipo chini kabisa, ghorofa saba kwenda ardhini, kitu kikasema tap.

Friji ikakata roho. Draya ikapiga mluzi ikanyamaza. Kisanduku cha intaneti kikazima vitaa vyake kimoja kimoja, na kwenye skrini nyuso zote arobaini zikaganda, ya Bwana Maarten ikiwa katikati ya kupepesa macho.



Bi Wadad alikaa kwenye kochi polepole, goti kwanza. Aliuliza kama zile mara nne nyingine nazo zilikuwa hivi. Ghinwa akasema ndiyo. 

"Mitungi minne," akasema Bi Wadad.

Walishusha kikapu cha kamba kutoka roshani, ndani yake kikaratasi cha kumwomba mlinzi aipandishe swichi. Mlinzi alijibu kwa kupaza sauti kwamba anakunywa chai. Kwa hiyo Ghinwa akachukua simu yake, akafungua bando, akaingia kwenye barua za kazini kuona kama amekwisha kufukuzwa.

Alikuta barua moja tu: Rekodi ya mkutano wa leo. Chombo kile kilikuwa na tabia ya kurekodi mkutano na kuwatumia wote waliohudhuria, hata waliotoka kabla. Ghinwa akaipakua bila kuwaza.

Msomaji wa mahali penye umeme wa uhakika atauliza, kwa nini asiitazame tu huko huko iliko? Kwa sababu mtu wa Beirut hakiachi kitu mtandaoni akitegemea kukikuta. Umeme ukija unapakua. Kutazama utatazama gizani. Ni mkono unaofanya, si kichwa. Rekodi ilikuwa nzito kama godoro lenyewe, ikamlia bando la wiki nzima, na ilipomaliza tu kushuka simu ikaita.

Alikuwa Imen, kutoka Sfax, anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba amecheka mpaka mgongo unamuuma, na kwamba anataka anwani ya huyo mama wa kikombe. La pili, kwamba kuna kitu hakikai sawa. Baada ya Ghinwa kupotea, Bwana Maarten alifunga mkutano kwa haraka. Ikaja barua ya rekodi. Imen alikuwa ndiyo kwanza anaifungua ikapotea mbele ya macho yake. Ameuliza Amman, imepotea. Manila, imepotea. Mtu ameifuta kwa wote.

"Wewe uliiona?" akauliza.

Ghinwa aliitazama simu yake, ambamo rekodi ilikuwa imelala salama. Akamwambia Imen atampigia baadaye.

Waliisikiliza watatu, vichwa vimegusana juu ya sinia la kahawa, Ghinwa akiwatafsiria wenzake. Mkutano uliwapita, bata bukini akawapita, draya ikalia na kukatika. Watu wakaagana. Vidirisha vikafungwa kimoja kimoja mpaka vikabaki viwili: Bwana Maarten na msaidizi wake, mwanamke wa miwani ya duara. Hawakujua kwamba bado wanarekodiwa.

Msaidizi akacheka kwanza. Halafu akauliza, je, wamebaini? Bwana Maarten akasema hapana, wapi. Ile mashine ya kujibu wateja imeshasoma kila barua ambayo hawa arobaini wamewahi kuandika, inajibu kama wao, hata utani wa yule msichana wa Beirut inaujua. Mwisho wa mwezi wote nje. Mpaka siku hiyo watulie tu na waendelee kuifundisha bila kujua.

"Ila yule mama wa kahawa," akasema, "amejuaje?"

Na akavuta sikio.

Bi Wadad akamgeukia Mama Tarif kama mtu anayemwona walii. Miaka ishirini na sita wanakunywa kahawa pamoja, na leo kikombe kimesema kweli tupu. Akauliza ilikuwa wapi kwenye mashapo, upande wa mpini au upande wa mdomo.

Mama Tarif alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo mezani.

"Wadad, kikombe hakijui kitu," akasema. "Kikombe ni cha kuwanyamazisha watu wanisikilize. Baba Tarif alifanya kazi kiwanda cha biskuti. Bosi wake aliwaita uani, akawaambia nyinyi ni wanangu, huku anavuta sikio. Jumatatu walikuta mlango una kufuli. Tangu siku hiyo mimi naangalia masikio."

Mlinzi akamaliza chai yake. Umeme ukarudi. Na saa sita kamili kompyuta ikalia: Bwana Maarten, peke yake, anataka kuzungumza.

Safari hii kipaza sauti kilikuwa wazi kwa makusudi, na Bi Wadad na Mama Tarif walikaa jikoni, mlango nusu wazi.

Bwana Maarten alikuwa mpole kama mtu anayepima nguo kwenye mwili wako. Hakutaja biringanya. Alisema anaheshimu mila za watu. Alisema pia kwamba maneno ya asubuhi yamewatia wafanyakazi wasiwasi, wanaandikiana, wanaulizana, na wasiwasi ni ugonjwa. Kwa hiyo saa tisa kasoro dakika kumi atawaita wote tena, kwa muda mfupi. Ghinwa atasoma karatasi ambayo ameshaandikiwa. Itasema kwamba jirani yake si mzima wa akili, kwamba yeye mwenyewe alicheka kwa utovu wa adabu, na kwamba anaiomba radhi kampuni.

Ghinwa akauliza, na nisiposoma?

Basi majaribio yameshindikana, akasema, na ni pole sana. Lakini akisoma, mkataba wa kudumu uko tayari, ameusaini. Kuna kazi mpya ya kusimamia mfumo mpya, nafasi moja tu, na ina jina la Ghinwa peke yake.

"Peke yangu," Ghinwa akarudia.

"Peke yako," akasema Bwana Maarten, kama anatoa zawadi.

Karatasi ikaingia kabla hajakata. Mistari minane. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kizuri, na Ghinwa, ambaye amesoma barua za wateja elfu kadhaa, aliitambua mara moja. Mashine ndiyo iliyoiandika. Ilikuwa na namna yake mwenyewe ya kuomba msamaha, ule upole wa mwishoni aliokuwa akiwapa watu waliopelekewa godoro lenye unyevu. Waliifundisha kwa maneno yake, wakamrudishia ayameze.

Jikoni kulikuwa na ubishi wa chini kwa chini. Bi Wadad hakuwa na nafasi ya falsafa. Alisema ulimi hauna mfupa, mwanangu, soma uishe. Alisema hao wengine thelathini na tisa wana mama zao wa kuwahangaikia. Alisema alishamsindikiza Shadi uwanja wa ndege mara moja na hajapona, na goti lake linaweza kubeba mengi lakini si ile safari mara ya pili. Kisha akageuka akaanza kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Mama Tarif ndiye aliyemshangaza Ghinwa. Alimvuta kando, kwenye roshani, karibu na kikapu.

"Niite kichaa," akasema. "Mimi nimeitwa zaidi ya hapo na marehemu mume wangu, tena mbele ya wageni. Wewe soma tu, sema Mama Tarif ana wazimu, nikae na mama yako tunywe kahawa. Mimi sitasoma hayo maandishi, macho yangu mabovu."

Uongo. Ana macho ya kuhesabu mbegu za ufuta kwenye mkate wa mwenzake.

 Ghinwa alirudi mezani akaisoma karatasi mara moja, mara mbili. Alijaribu kuitamka kwa sauti. Ilitoka vizuri. Alijaribu tena mstari wa jirani asiye mzima wa akili, na hapo hapo akasikia mlango wa jikoni ukifungwa taratibu, na mtu aliyesema hatasoma akijitahidi asisikie.

Saa nane na dakika arobaini, Ghinwa aliingiza rekodi kwenye kompyuta, akachagua majina thelathini na tisa, akabonyeza tuma.

Asilimia mbili.

Ndipo alipokumbuka saa. Saa tisa kamili jenereta ya Baba Hatim hupumzika hadi saa kumi na moja. Huzimwa kwa wakati zaidi kuliko adhana. Bando la simu limekwisha, duka la vocha limefungwa, mwenye duka kafiwa na shangazi. Intaneti ile ndiyo pekee, na ilikuwa inatambaa kama mtu anayepanda ngazi za ghorofa saba na mtungi wa gesi.

Alitoka akawaeleza. Hakuomba ruhusa, alieleza tu: ikifika saa tisa haijamaliza kwenda, hakuna aliyeipata, na Bwana Maarten atajua anayo.

Bi Wadad aliacha vikombe. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu, macho yale ya uwanja wa ndege. Halafu akafungua kabati la juu kabisa, akashusha mtungi wa tano wa biringanya, ule wa mwisho, ule aliokuwa anamwekea Shadi atakapokuja.

"Mwambieni Baba Hatim aiache iendelee robo saa," akasema. "Mwambieni ni mimi ninayeomba."

Mama Tarif akaweka mtungi kwenye kikapu, akaandika kikaratasi, akaanza kuachia kamba.

Saa nane na dakika hamsini, nyuso zilianza kutokea kwenye skrini. Koti juu, suruali ya kulalia chini. Asilimia arobaini na moja. Imen alikuwa amekaa wima, hacheki. Maandishi ya tafsiri yalikuwa bado yanafanya kazi. Hakuna aliyekumbuka kuyazima, au hakuna aliyejua jinsi.

Bwana Maarten alifungua kwa hotuba. Iwe heri kwake, alikuwa na hotuba ndefu. Alizungumza juu ya kuaminiana. Hamsini na tano. Alizungumza juu ya tetesi na jinsi zinavyoumiza familia. Sitini na nane. Kule roshani kamba ilikuwa imelegea; kikapu kimefika chini na kinasubiri.

Bi Wadad akajitokeza koridoni, nje ya macho ya kamera. Hita ilikuwa inawaka. Pasi ilikuwa imechomekwa. Mkononi alikuwa ameshika draya, kidole kiko kwenye swichi, na kwa ishara ya nyusi akamwambia bintiye: ukitaka kutoroka, sasa najua njia. Nusu neno tu, nitakuzimia.

Ghinwa nusura alie, hapo hapo, mbele ya Manila.

Themanini na tatu. Saa nane na dakika hamsini na saba.

"Na sasa," akasema Bwana Maarten, "mwenzetu Ghinwa ana jambo la kutuambia."

Kamba ikakaza. Mama Tarif akavuta, mkono juu ya mkono, haraka kuliko umri wake. Kikapu kikachungulia juu ya ukingo wa roshani. Ghinwa alikiona kwa pembe ya jicho, na akaona kilichomo.

Mtungi ulikuwa umerudi. Haujafunguliwa. Baba Hatim amekataa.

Tisini na moja. Dakika mbili.

"Ghinwa?" alisema Bwana Maarten. Alikuwa anatabasamu. Mkono wake ukapanda, polepole, ukapata sikio, ukalivuta. Na kwenye vidirisha thelathini na tisa, mmoja baada ya mwingine, Ghinwa akaona macho ya watu yakihama kwenda kwenye sikio lile.

Karatasi ilikuwa mbele yake, mistari minane. Kiingereza cha kuisoma alikuwa nacho tele. Akaisukuma kando. Akaanza kwa Kiarabu cha nyumbani kwao, wazi na taratibu, ili chombo kile kisipate kisingizio.

"Mama, weka chini hiyo draya."

Bi Wadad akaiweka.

"Jirani yangu anaitwa Mama Tarif. Ni mzima wa akili kuliko mimi na kuliko aliyeandika karatasi hii. Alisema alichokiona, na mimi nilicheka kwa sababu nilijua ni kweli na nilikuwa naogopa kujua."

Maneno yalikuwa yanapita chini ya uso wake, yakimngojea kila mmoja amalize kusoma. Tisini na sita. Chini mtaani jenereta ikakohoa mara moja, kama inavyokohoa kila siku kabla ya kulala.

Tabasamu la Bwana Maarten lilikuwa limekwisha. Akamkumbusha kwamba kuna mkataba. Akamkumbusha kwamba dakika ni hii, haitarudi, na kwamba anachotakiwa kusoma kiko mbele yake.

"Nimekisoma," akasema Ghinwa. "Siombi radhi."